"Limekuja halina maji": fayaa ya Dar es Salaam na mikono iliyopitia

Ukipanda mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kivukoni, ukishalivuka bonde la Jangwani unafika kituo kinachoitwa Fire. Jina halijatafsiriwa na hakuna aliyelalamika, kwa sababu watu wa Dar es Salaam walishalichukua neno hilo zamani wakalifanya lao: fayaa. Hapo, kwenye kona ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Umoja wa Mataifa, ndipo kilipo kituo cha zimamoto kinachojulikana kuliko vyote jijini. Wapo wanaoshuka hapo kila siku na hawajawahi kuliona gari lake hata moja likitoka.

Wanayaona magari hayo siku ya tukio, na siku hiyo husema mambo mawili: wamechelewa, na gari limekuja halina maji. La kuchelewa nitalifikia. Hili la maji nimelisikia tangu nasoma shule ya msingi Magomeni, nikaliamini, nikalisimulia kwa wengine, hadi siku moja nilipokaa chini nikapiga hesabu.

Chukua gari la zimamoto lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja unaoshikwa na askari wawili unaweza kutoa kama lita 500 kwa dakika. Moto wa maana hauzimwi na mpira mmoja, kwa hiyo weka miwili: lita 1,000 kila dakika. Baada ya dakika tano tangi limekauka. Wakitumia ule mzinga ulio juu ya gari, unaorusha maji mbali, hata dakika tatu huenda zisifike. Sasa fikiria nani anakuwa pale dakika ya kwanza. Ni wenye nyumba na majirani, nao wana shughuli ya kutoa magodoro. Umati unajaa dakika ya sita, simu zinaanza kurekodi, na kinachorekodiwa ni gari lililosimama na mpira uliolegea. Gari lilikuja na maji. Limeishiwa.

Tena limeishiwa kama lilivyokusudiwa, kwa sababu chombo hicho kimsingi ni pampu yenye magurudumu. Maji yaliyomo ni ya kuanzia kazi tu, wakati askari mwingine anaunga mpira kwenye bomba la barabarani ambalo wenyewe huliita haidranti, kile kichwa cha chuma kinachotoka kwenye bomba kuu la maji. Bomba likiwa karibu na lina msukumo, gari linaweza kusukuma maji usiku kucha. Bomba lisipokuwepo, gari linageuka boza dogo la bei ghali.

Kwa hiyo swali la kweli ni kwa nini mtaani kwako hakuna bomba hilo, au lipo na limefukiwa na lami, au mtu amejenga kibanda cha chipsi juu yake. Jibu linaturudisha nyuma sana, hadi kwa Wajerumani.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya makao makuu ya koloni lao. Mwaka huohuo waliweka kanuni za ujenzi zilizoligawa eneo la mji kwa aina ya nyumba: huku za mawe za Kizungu, kule za namna nyingine, na kule mwisho vibanda vya wenyeji vya miti, udongo na makuti. Waingereza walipouchukua mji waliuendeleza mgawanyo huo, ukawa na majina ambayo bado tunayo mdomoni: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Katikati wakaacha uwanja wazi wa Mnazi Mmoja kuutenga mji wa Waafrika. Mabomba, lami na taa vilifuata mgawanyo huohuo. Zimamoto haiwezi kwenda mbali kuliko bomba, basi nayo ilifuata.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Nyumba zilizoungua kwa urahisi zaidi, za makuti na miti, ndizo zilizokuwa mbali zaidi na huduma ya kuzima moto. Mwafrika wa Kariakoo au Ilala aliwaona wazimamoto wakipita, wakioshaosha gari lao, wakikaa zamu usiku kucha ndani ya jengo lenye milango mikubwa. Kuwaona wakizima nyumba ya jirani yake lilikuwa jambo la nadra. Mtu akijiuliza hawa watu wanafanya kazi gani hasa, anatafuta jibu.

Jibu likapatikana: ni mumiani.

Wazee wetu walilisema hili bila kutania. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, Kampala, Nairobi na hapa kwetu, neno "wazimamoto" lilitumika kumaanisha watu wanaokamata wenzao usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Gari jekundu lilitosha kuwa ushahidi, na mipira mirefu ikamalizia. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulisababisha ghasia Buguruni. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu uvumi huu na hawakubaliani juu ya maana yake. Mimi naona jambo moja jepesi ndani yake: huduma isiyokuhudumia haikosi kuzushiwa kazi nyingine. Na sidhani kuwa kutoiamini fayaa kulizaliwa na video za simu. Kuna umri mkubwa.

Ajabu nyingine ni ya lugha yenyewe. Tukisema kikao kimefanyika "kwa zimamoto", tunamaanisha kimeitishwa haraka haraka, bila maandalizi. Nchi nyingine huwasifu wazimamoto wao kwa kujiandaa kabla ya tukio, sisi tumelichukua jina lao tukalifanya alama ya kutojiandaa.

Nani mwenye zimamoto?

Hapa ndipo mambo yanapochanganya wengi, na naomba tuende polepole.

Tangu zamani zimamoto ya Dar ilikuwa kazi ya mji, kama ilivyokuwa kuzoa taka. Mji ulipata hadhi ya manispaa mwaka 1949 na ukawa jiji siku ya uhuru ilipofika, Desemba 1961. Mpangilio huo ulikuwa na mantiki: mwenye barabara, mwenye kutoa vibali vya ujenzi na mwenye gari la zimamoto walikuwa nyumba moja. Kama kibali kimetolewa kujenga ghorofa kwenye uchochoro, aliyekitoa ndiye atakayepeleka gari lake huko siku ya moto.

Halafu ukaja mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Halmashauri zikavunjwa, shughuli zikapelekwa chini ya uongozi wa mikoa na wilaya, na nguvu ya serikali ikaelekezwa vijijini. Nia ilikuwa njema, lakini huduma za miji zilidhoofika vibaya: barabara, maji taka, usafi, na zimamoto ikiwemo. Hali ikawa mbaya kiasi kwamba mwaka 1978 serikali ikaamua kuzirudisha halmashauri za miji. Ila ukiuacha mfumo wa mabomba na magari miaka kadhaa bila mwenyewe, huwezi kuurudisha kwa sheria tu. Vipuri havikungoja. Nao uchumi wa mwanzo wa miaka ya 1980, wa foleni za sukari na sabuni, haukuwa na fedha za kigeni za kununulia gari la zimamoto.

Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena na nafasi yake ikashikwa na Tume ya Jiji hadi mwaka 2000, zilipopatikana manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Zimamoto ikabaki miongoni mwa mambo ya jiji zima, na ni sawa, moto wa Tandale hauulizi mpaka wa manispaa. Miaka hiyohiyo kampuni binafsi za ulinzi zilianza kumiliki magari yao ya kuzimia moto kwa ajili ya wateja wao. Sioni dalili iliyo wazi zaidi ya hiyo kwamba wenye mali walishakata tamaa ya kuingojea ya umma.

Ndipo ikaja Sheria Namba 14 ya mwaka 2007, iliyounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Vikosi vilivyokuwa chini ya halmashauri vikakusanywa viwe chombo kimoja cha Tanzania Bara (Zanzibar wana chao). Wazimamoto wakawa askari wenye vyeo vya konstebo, koplo, sajenti, mkaguzi, mrakibu, hadi kamishna jenerali. Wakapata chuo chao huko Chogo, Handeni. Namba ya dharura ikawa 114, na kuipiga ni bure.

Faida zake ni za kweli. Mzimamoto wa halmashauri maskini hakuwa na mafunzo sawa na wa halmashauri tajiri, sasa wanapita chuo kimoja. Viwango vikawa vimoja. Jeshi likapewa meno ya kukagua majengo na kutoa cheti cha usalama wa moto, pamoja na tozo yake. Hiyo tozo ndiyo wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanayoifahamu kuliko jambo lingine lolote kuhusu Jeshi, na wanalalamika kwamba mkaguzi hufika akiwa na risiti kuliko ushauri. Baadhi ya malalamiko yana msingi. Lakini nimeingia maduka ambayo mtungi wa kuzimia moto umewekwa nyuma ya marobota ya vitenge, na mshale wake wa presha ulishaangukia kwenye nyekundu kitambo. Hapo sijui alaumiwe nani.

Gharama ya kuhama kwenda wizarani huzungumzwa mara chache. Gari na askari viliondoka jijini, vingine vyote vikabaki kwa wenyewe. Mabomba ya maji ni ya DAWASA. Vibali vya ujenzi na mipango miji ni vya halmashauri. Barabara kubwa ni za TANROADS, za mitaa ni za TARURA. Umeme, unaotakiwa kukatwa kabla askari hajaelekeza maji kwenye jengo, ni wa TANESCO. Jeshi linaweza kuonyesha ni wapi panahitajika haidranti, lakini bomba la kuiunga si lake. Siku ya moto anayesimama mbele ya umati ni mtu mmoja mwenye kofia ngumu, akilipia maamuzi ya ofisi tano zilizofungwa tangu saa tisa na nusu.

Na hata gari lenyewe si rahisi kulipata. Januari 2020 mkataba wa vifaa vya zimamoto wa zaidi ya euro milioni 408 ulizua mtafaruku mkubwa kwa kuwa haukuwa umepitia hatua zilizotakiwa. Rais Magufuli akamwondoa waziri wa mambo ya ndani pamoja na kamishna jenerali wa Jeshi. Ukubwa wa kiasi hicho unaonyesha pengo lilikuwa la namna gani.

Jiji lililokua bila kungoja

Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Milioni moja zaidi katika miaka kumi, na wengi wao hawakwenda kukaa kwenye viwanja vilivyopimwa. Walikwenda alikokuwa na kiwanja mjomba, wakajenga vyumba viwili, wakaongeza banda, jirani akasogeza ukuta, na njia iliyokuwa inapita pikapu ikabaki ya bodaboda. Ukiwa Manzese au Vingunguti, gari la zimamoto linaweza kufika barabarani kwa wakati mzuri kabisa na bado likawa mita 200 kutoka kwenye moto. Mipira huungwa mmoja baada ya mwingine, na kila kipande kinapunguza msukumo wa maji.

Kigamboni walikuwa na lao. Kabla ya daraja kufunguliwa Aprili 2016, gari lililotoka mjini lilikuwa na njia mbili: kupanga foleni ya pantoni Magogoni, au kuzunguka Mbagala na Kongowe. Moto haungoji pantoni.

Katikati ya jiji tatizo limekwenda juu badala ya pembeni. Kariakoo ya nyumba za Kiswahili za vyumba sita imegeuka Kariakoo ya maghorofa, chini duka, katikati stoo, juu watu wanalala. Ngazi ya gari la zimamoto ina kikomo. Kwa minara yetu mirefu, ule wa mamlaka ya bandari ukiwemo, wenye ghorofa zaidi ya 30, hakuna ngazi ya kufika huko mahali popote duniani. Jengo la namna hiyo hulazimika kujizima lenyewe: tangi lake la maji, pampu yake, mabomba yanayopanda ndani ya kuta, vinyunyizi kwenye dari, na ngazi ya dharura ambayo haijafanywa stoo ya viti vibovu. Askari wanaoingia huunga mipira yao kwenye mfumo wa jengo. Kama mfumo umekufa, wamekuja na mikono yao tu.

Halafu kuna kitu kinachoungua. Nyumba ya zamani ilikuwa na kitanda cha kamba na sanduku la mbao. Sebule ya leo ina sofa la sponji, kapeti la nailoni na pazia la poliesta, ambavyo kimsingi ni mafuta ya petroli yaliyogandishwa. Chumba cha namna hiyo kinaweza kulipuka chote kwa moto ndani ya dakika chache tangu cheche ya kwanza. Ongeza nyaya zilizoungwa na vishoka, soketi moja inabeba friji, pasi na chaja tano, kisha jioni redio inatangaza "hitilafu ya umeme" kana kwamba umeme uliamua wenyewe.

Masoko ndiyo yanayokusanya yote hayo mahali pamoja. Usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo, lile lililofunguliwa mwaka 1975 kwa michoro ya Beda Amuli, liliwaka. Miezi sita baadaye, alfajiri ya Jumapili, 16 Januari 2022, likawaka soko la Karume. La kwanza lilikuwa jengo la zege lililochorwa na msanifu mashuhuri, la pili lilikuwa vibanda vya mbao na turubai. Moto uliyapita yote mawili, kwa sababu bidhaa zinapojazwa hadi darini haijalishi ukuta umejengwa kwa nini.

Jina la Jeshi lina neno la pili, uokoaji, nalo linazidi kuwa zito kuliko la kwanza. Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa, Aprili 2009 mabomu yalipolipuka Mbagala na Februari 2011 Gongo la Mboto, kazi ilikuwa kutoa watu kwenye vifusi. Machi 2013 jengo liliporomoka mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20, huku waokoaji wakifanya kazi siku kadhaa, wakipitisha hewa na maji kwenye matundu kwa waliokuwa hai chini. Na mvua kubwa zikija, kama zile za Desemba 2011 zilizowahamishia watu wa bondeni Mabwepande, wazimamoto wanaingia Jangwani na boti.

Dakika za majirani

Kwa hesabu zote hizo, dakika za mwanzo za moto wowote wa uswahilini ni za majirani, na majirani wa Dar wana ujuzi wao usioandikwa popote. Watapanga mstari wa ndoo toka kwenye simtanki la jirani. Watamwaga mchanga. Watabomoa banda lisilowaka ili moto ukose pa kurukia, jambo gumu kuliko yote, kwa sababu banda lina mwenyewe na yuko pale anatazama. Jeshi limeliona hilo, na ndiyo sababu limekuwa likianzisha klabu za zimamoto shuleni na kufundisha watu wa masoko na mitaa kutumia mitungi: vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, bana, pepea kulia na kushoto. Mafuta ya kukaangia yakiwaka usiyamwagie maji, yatalipuka yakuunguze uso. Zima jiko, funika kwa mfuniko. Mambo haya yanafundishika kwa nusu saa.

Na sasa lile la kuchelewa. Sehemu ya ucheleweshaji ni foleni, sehemu ni uchache wa vituo, lakini sehemu nyingine huanza kwenye simu yenyewe. Watu huzima kwanza, huokoa vitu kwanza, humpigia shemeji kwanza, ndipo mtu anakumbuka 114. Huko mpokeaji tayari kachoshwa na simu za watoto wanaocheka na kukata. Anauliza wapi. Anaambiwa "huku kwetu, ukishapita kwa mama muuza maandazi." Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilibandika namba kwenye milango na vibao kwenye mitaa ili hilo liishe, ila jaribu kumuuliza mtu namba ya nyumba yake akiwa anakimbia.

Kwa hiyo ukipiga 114, taja mtaa na kitu kikubwa kisichohama: msikiti, kanisa, shule, kituo cha mafuta. Sema kinachoungua ni nini, kama kuna mtu ndani, na kama njia inapita gari kubwa. Kisha mtume kijana barabarani na tochi ya simu alisimamishe gari. Kijana mwingine, kama mtaa wenu unayo, akasimame kwenye haidranti, na awe ameshawaondoa wale waliopaki juu yake.